Kipaza Sauti na Asiye na Pa Kujibia

Msikilizaji, katikati ya mwaka 1994 mwandishi wa BBC, Fergal Keane, aliingia kambi ya wakimbizi ya Benaco, hapa wilayani Ngara, akimtafuta mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo ng'ambo ya mto, nchini Rwanda, ambaye wakati ule alikuwa mkimbizi kama wengine, lakini kambini bado alihesabiwa kuwa kiongozi. Keane alikuwa ameshafika Nyarubuye, ameona miili ya watu waliouawa kanisani, na kuwasikiliza walionusurika wakimtaja Gacumbitsi kwa jina. Alipompata, alimhoji mbele ya kamera juu ya yale aliyoyaona na kuyasikia. Gacumbitsi alikana yote. Mahojiano yakarushwa, ulimwengu ukamsikia akikana. Miaka 10 baadaye, Juni 2004, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2006 majaji wa rufaa walimhukumu kifungo cha maisha.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu swali la leo limezungukwa na makelele mengi, na kisa cha Benaco kinatusaidia kulitazama likiwa tupu. Swali ni hili: mwanasiasa ambaye maneno yake yanagawanya watu, apewe nafasi gazetini na redioni, au anyimwe? Upande mmoja wanasema kumpa nafasi ni kumtukuza. Upande wa pili wanasema kumnyima ni kuua uhuru wa habari. Sasa, je, Keane alimpa Gacumbitsi jukwaa? Mimi nasema hapana. Alimpa nafasi ya kujibu mashitaka, na shahidi alikuwa ameshasikilizwa kabla ya mshitakiwa. Jukwaa Gacumbitsi alikwisha kuwa nalo, tena kabla ya hapo. Mahakama ya Arusha iliridhika kwamba mwezi Aprili 1994 alizunguka na gari katika eneo lake, kipaza sauti mkononi, akiwachochea vijana wawabake wanawake wa Kitutsi. Mtu ni yule yule, sauti ni ile ile. Katika gari lile alisema juu ya watu wasioweza kumjibu, na Benaco alilazimika kuwajibu wao. Hoja yangu yote leo inakaa hapo: kinachofaa kupimwa na mhariri, kabla ya ukali wa maneno au cheo cha msemaji, ni kama yule anayesemwa ana pa kujibia, katika gazeti lile lile, katika kipindi kile kile.

Wakazi wa Ngara hawahitaji kuelezwa kwa kirefu maneno hufanya nini yakikosa mpinzani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na katika miezi iliyofuata wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya. Waliovuka walikuja na viongozi wao. Miongoni mwao alikuwamo Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi. Juni mwaka ule wafanyakazi wa misaada walipotaka aondolewe Benaco, umati wa maelfu uliwazingira. Baadaye naye alihukumiwa Arusha. Mkimbizi wa kawaida aliyekaa katika hema la plastiki alipata chakula kwa orodha iliyopitia kwa viongozi hao, na habari za nyumbani vilevile zilimfikia kupitia kwao. Akiambiwa kwamba kila anayerudi Rwanda anauawa, hakuwa na pengine pa kuuliza. Tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za Tanzania mwishoni mwa mwaka 1994 kwa sababu ya utawala huo wa wauaji. Na ilipofika Desemba 1996, serikali yetu ilipotangaza kwamba Wanyarwanda wawe wamerejea kwao kufikia mwisho wa mwezi, maelfu kwa maelfu walianza kutembea kuelekea mashariki, wakiikimbia nchi yao, mpaka jeshi likawageuza. Kwa miaka miwili na nusu sauti iliyotawala masikioni mwao ilikuwa ile moja.

Kuna jibu ambalo waandishi wengi hulitoa wakibanwa: sisi hatukusema, tumenukuu tu. Jibu hili lina historia mbaya. Machi 1992, Redio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma mara kadhaa tangazo lililodaiwa kutoka kwa shirika moja la Nairobi, likieleza kwamba kuna njama ya kuwaua viongozi wa Kihutu. Chanzo chake hakikuthibitishwa. Watangazaji walikuwa wakisoma karatasi. Siku hizo hizo mauaji ya Watutsi yakazuka Bugesera, mamia wakafa. Mkuu wa idara iliyosimamia redio hiyo alikuwa Ferdinand Nahimana, mwanahistoria, mtu wa chuo kikuu, ambaye mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio ya RTLM. Nani kati ya waliotajwa katika karatasi ile aliulizwa kabla haijasomwa? Hakuna. Simu moja kwa watu waliodaiwa kupanga njama, swali moja kwa hilo shirika la Nairobi, vingetosha kuifanya karatasi ile irudi kapuni. Anayenukuu maneno ya mwingine juu ya kundi la watu bila kuwatafuta watu hao, amechukua nusu ya kazi ya uandishi na kuiacha nusu ile inayookoa maisha.

RTLM yenyewe ilianza kurusha matangazo Julai 1993, mwezi mmoja kabla ya Mkataba wa Amani wa Arusha kutiwa saini. Ilipendwa. Ilipiga muziki wa Kikongo, watangazaji wake waliongea kama watu walioko kilabuni, wasikilizaji wakapata nafasi ya kusikika. Pembeni yake lilikuwapo gazeti la Kangura la Hassan Ngeze, ambalo Desemba 1990 lilichapisha zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu. Mwaka 2003, mahakama ya Arusha iliwatia hatiani Nahimana, Ngeze na Jean-Bosco Barayagwiza, mwanzilishi mwingine wa RTLM, katika kesi iliyokuja kujulikana kama kesi ya vyombo vya habari. Wengi huishia hapo wanapoitaja kesi hii, nami naomba tusogee hadi kwenye rufaa ya Novemba 2007, kwa sababu huko ndiko kwenye mafunzo kwa wahariri. Majaji wa rufaa walipunguza vifungo na kufuta baadhi ya hatia. Walisema maneno ya chuki peke yake si lazima yawe uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, na kwa upande wa RTLM waliegemea matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilipokwisha kudunguliwa na mauaji yalipokwisha kuanza. Kwa maneno mengine, sheria ya jinai ilishika pale damu ilipokuwa inamwagika. Ile miezi tisa ya kabla ya hapo, ya vijembe, ya kutaja majina, ya kuwafanya majirani waonekane wadudu, ilikuwa mikononi mwa watu wa chumba cha habari peke yao. Sheria haiwezi kumfanyia mhariri kazi yake, kwa kuwa inafika ikiwa imechelewa na mkono wake ni mfupi.

Hapo msikilizaji mmoja ataniambia: basi serikali ishike hatamu, ifungie mapema. Naelewa hofu inayozaa wazo hilo, lakini ushahidi wa jirani zetu unalikataa. Redio iliyosoma karatasi ya Bugesera ilikuwa ya serikali. Waziri wa Habari wa Rwanda, Faustin Rucogoza, aliionya RTLM kwa barua mwezi Oktoba 1993 na kuwaita wakuu wake vikaoni, lakini wakubwa waliokuwa nyuma ya redio ile walikuwa na nguvu kumzidi, na mauaji yalipoanza Aprili 1994 yeye mwenyewe aliuawa mwanzoni kabisa. Dola iliyokuwa na uwezo wa kufunga ndiyo iliyokuwa na sababu ya kutofunga. Hapa kwetu tumeona upande mwingine wa jambo hilo. MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti, mengine zaidi ya mara moja, hadi Februari 2022 yaliporuhusiwa tena. Mawio lilifungiwa Juni 2017 kwa miezi 24 baada ya kuwahusisha marais wastaafu na mikataba ya madini. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa kutangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu juu ya ukiukwaji wa haki katika uchaguzi mdogo. Wapime waliosemwa hapo kwa kipimo nilichokitaja. Rais mstaafu ana pa kujibia? Anapo, kila gazeti litampa ukurasa wa kwanza asubuhi inayofuata. Serikali ina pa kujibia? Ina msemaji, ina redio, ina televisheni, ina gazeti. Maneno juu ya wenye nguvu, hata yakiwa makali, hata yakiwa na kosa, yana dawa yake tayari, nayo ni majibu yao. Vyombo vile viliadhibiwa kwa kuwasema watu wanaoweza kujibu kuliko mtu yeyote nchini.

Pingamizi lingine ni zito zaidi, nami nalipa heshima yake. Wanasema: sauti ya chuki ikinyimwa gazeti haifi, inakwenda kwenye vijiwe, kwenye simu, kwenye mikutano ya usiku, na huko hakuna wa kuikosoa. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi inyimwe. Nchi ya Burundi, ambayo Ngara inapakana nayo pale Kabanga, imetuonyesha gharama ya kunyamazisha. Januari 2015, Bob Rugurika, mkurugenzi wa redio RPA ya Bujumbura, alirusha mahojiano na mtu aliyedai kushiriki katika mauaji ya watawa watatu wa Kiitaliano yaliyotokea Septemba 2014. Ilikuwa sauti ya kutisha; mtu anayedai ameua anaongea redioni. Rugurika alitiwa gerezani, akatoka Februari, na umati mkubwa ukajaa barabarani kumpokea. Mei mwaka ule, wakati wa jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa, na Rema FM iliyokuwa ikiegemea serikali nayo ilishambuliwa. Nchi ikabaki na uvumi wakati watu wake walipohitaji habari kuliko wakati wowote, na Warundi wakawa wanavuka tena mpaka kuja Tanzania. Mahojiano ya RPA, ukiyapima, yako karibu na yale ya Benaco: mtu anayedai kutenda uovu anajieleza, na wanaotajwa naye ni wakubwa wenye vinywa vya kujibu. Kuyafungia kulimlinda mwenye nguvu.

Sasa nirudi nyumbani, ambako kipimo hiki kinauma zaidi. Julai 2013, akiwa katika ziara mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Oparesheni Kimbunga ya kuwaondoa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ina haki ya kulinda mpaka wake, na kilio cha wananchi hakikuwa cha kubuni. Ujambazi katika mapori ya Biharamulo ulikuwa wa kweli. Kwa miaka mingi mabasi yalipita katika barabara zile yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Migogoro ya mifugo na mashamba nayo ilikuwapo. Lakini tazama nani alikuwa anasemwa. Miongoni mwa waliotolewa walikuwamo watu waliozaliwa Tanzania, waliooa na kuolewa hapa, waliolima ardhi ile ile kwa miongo. Na katika wilaya ambayo Kihangaza na Kishubi vinakaribiana na Kirundi na Kinyarwanda kiasi cha watu kuelewana bila mkalimani, lafudhi ya mtu haitoshi kusema kwao ni wapi. Mwanamke wa Rulenge au Nyakahura ambaye uraia wake umetiliwa shaka angejibu wapi? Apige simu redioni? Kupiga simu ni kujitaja jina na kijiji. Aandike gazetini? Barua yake ingekuwa ushahidi dhidi yake. Kila kiongozi aliyesimama wakati ule kusema kwamba wageni ndio chanzo cha uhalifu alisema juu ya watu ambao kufungua kinywa kwao kulikuwa hatari. Hapo ndipo mhariri anapotakiwa kuamka. Kauli ya kiongozi ni habari, na iandikwe. Lakini haiwezi kuondoka peke yake, kwa sababu wanaosemwa hawatakuja kubisha hodi kesho na majibu yao. Lazima wafuatwe, walindwe majina, na maelezo yao yakae katika ukurasa ule ule.

Wapo watakaoniambia kwamba msomaji ni mtu mzima, ana akili, mwacheni achuje mwenyewe. Mimi namheshimu msomaji, na kwa heshima hiyo hiyo nasema hawezi kuchuja kitu ambacho hakuletewa. Akiambiwa wezi wengi wa ng'ombe ni wageni, akili yake nzuri itafanya nini bila takwimu za polisi, bila kumbukumbu za mahakama ya wilaya, bila sauti ya mfugaji wa upande wa pili? Kuchuja kunahitaji vitu viwili vya kulinganishwa. Anayempelekea kimoja kisha akamsifu kwa akili zake amemwonea.

Pingamizi la mwisho ni la watu wa kazi, na ndilo linalonigusa zaidi kwa sababu halitokani na ubaya. Redio ya wilayani ina waandishi wachache, pikipiki moja, mafuta ya kupimiwa. Diwani au mgombea anakuja na fedha, ananunua nusu saa, anasema anachotaka moja kwa moja hewani, na mshahara wa mwezi unapatikana. Kumfuata kila anayesemwa mpaka Bugarama au Nyakanazi ni gharama. Naijua hali hiyo kuwa ndiyo hali ya vituo vingi nchini. Lakini Kenya ilikwisha kuonyesha hatari ya kipaza sauti kilicho wazi. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilizitaja redio za lugha za kienyeji na simu za moja kwa moja kuwa mahali ambapo chuki ilipita, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague. Kesi yake iliondolewa Aprili 2016, na hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Bado swali la simu zisizochujwa liko palepale. Kurekodi kipindi mapema hakuongezi gharama. Kumwambia mnunuzi wa muda kwamba anauziwa dakika lakini maswali ya mtangazaji hayauzwi, hakuongezi gharama. Katika vijiji vyetu wapo mapadri, wachungaji, mashehe, walimu wastaafu na wasaidizi wa kisheria wanaoweza kuketi studioni na kusema kwa niaba ya wasiothubutu. Wasipopatikana siku hiyo, kipindi kinaweza kungoja mpaka wapatikane. Nusu saa hiyo ina muziki wa kuijaza.

Wala jambo hili halijakosa mfano hapa hapa. Mwaka 1995, wakati Benaco na kambi nyingine zikiwa bado zimejaa, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera mjini Ngara. Lingeweza kuwawekea wakimbizi vipaza sauti vya kambini tu, watangaziwe siku ya mgao na siku ya chanjo. Badala yake, mkimbizi na mwenyeji waliwekwa katika mawimbi mamoja, kila mmoja akimsikia mwenzake. Mwenyeji aliyelalamika juu ya kuni zilizokwisha na visima vilivyochafuka alisikika na mkimbizi aliyekata kuni hizo, na mkimbizi akapata chanzo cha habari kisichopitia kwa mkuu wa komuni. Redio hiyo haikumaliza ugomvi wa kuni, wala haikuzuia yaliyotokea Desemba 1996, lakini ilitia ufa katika ule umiliki wa sauti moja ambao akina Gatete waliusimamisha juu ya watu wao.

Najua kipimo hiki kinambana zaidi mtawala kuliko mpinzani, zaidi mkuu wa wilaya kuliko mchuuzi wa Benaco, zaidi raia mwenye kitambulisho kuliko yule anayekitafuta. Baadhi watakiita upendeleo. Lakini mwenye kitambulisho, gari na walinzi akiulizwa swali gumu hewani, atakwenda nyumbani kwake jioni na kulala. Anayesemwa bila kuulizwa, katika wilaya iliyopokea watu robo milioni kwa siku moja, hana uhakika huo. Kwa hiyo kiongozi atakapofika studioni msimu ujao wa uchaguzi na hotuba yake juu ya wageni, mtangazaji ampokee vizuri, amkaribishe kiti, na kabla ya kuwasha taa nyekundu amweleze kwamba yupo mtu wa pili katika kipindi hicho, na kwamba mtu huyo ataanza kusema.